Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: msukosuko wa maji na upepo, na tabaka la mpaka, Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yameulizwa na wanafunzi, mafundi bomba, wakulima wa chai, kamati za maji na walimu wa fizikia wa Mbeya, Iringa na Njombe. Mimi ni mtafiti wa mienendo ya maji na hewa. Kazi yangu iko pale maji au hewa inapogusa kitu kigumu: ukuta wa bomba, sakafu ya mto, mteremko wa kilima. Wengi hudhani mambo makubwa ya mkondo hutokea katikati yake. Ukweli ni kwamba mengi huamuliwa kandokando, kwenye utando mwembamba ulioshikana na ukuta, na majibu mengi hapa chini yanarudi huko.

Mtiririko wa msukosuko ni upi, na unatofautiana vipi na mtiririko tulivu?

Fungua koki taratibu mpaka maji yashuke kama uzi. Uzi huo unang'aa, na unaweza kuona hadi upande wa pili. Zidisha kidogo: mng'ao unapotea, uzi unatetemeka, uso wake unajaa mikunjo. Hali ya kwanza ni mtiririko tulivu, maji yanapita kwa matabaka yasiyochanganyikana. Hali ya pili ni msukosuko: chembe zinakatana njia, visulisuli vikubwa vinazaa vidogo, vidogo vinazaa vidogo zaidi, hadi mnato (uzito wa maji unaopinga matabaka yake kupitana) unapovimaliza na kuvigeuza joto. Ukipima kasi kwenye nukta moja tu, unaikuta inapanda na kushuka kila sehemu ya sekunde.

Mwaka 1883, Osborne Reynolds aliyekuwa Manchester, Uingereza, alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo lenye maji yanayotembea. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilinyooka kama mstari wa rula. Alipoongeza kasi, ilifika mahali ikavurugika ghafla na kujaa bomba zima. Aligundua kwamba kasi peke yake haiamui. Chukua kasi, zidisha kwa kipenyo cha bomba, kisha gawanya kwa mnato wa maji (ule ambao umekwisha kugawanywa kwa densiti, yaani uzito wa maji kwa kila ujazo). Jibu halina kipimo, ni namba tupu, na ndiyo inayoitwa namba ya Reynolds.

Chini ya 2,000 hivi, bomba hubaki tulivu hata ukilitikisa. Ikipita 4,000, kwa kawaida ni msukosuko. Katikati ya hapo mambo ni ya kuvutia: mabonge ya msukosuko husafiri ndani ya bomba yakitenganishwa na vipande vya utulivu. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kuwa kwenye namba 2,040 hivi mabonge hayo huanza kuzaana kwa haraka kuliko yanavyokufa. Pamoja na hayo, mtu akiondoa kila mtikisiko kwenye mlango wa bomba, utulivu unaweza kuendelea mbali sana. Reynolds mwenyewe aliufikisha zaidi ya 10,000.

Kwa nyumba ya kawaida Mbeya mjini, bomba la kipenyo cha milimita 15, maji ya nyuzi 15 za Selsiasi, kasi ya mita 1 kwa sekunde: namba ni karibu 13,000. Maji unayooshea vyombo yamefika kwako yakiwa na msukosuko njia nzima.

Baridi ya huku kwetu inabadilisha chochote?

Ndiyo. Maji ya nyuzi 10 yana mnato wa mara 1.6 hivi ukilinganisha na maji ya nyuzi 30. Jedwali nyingi vitabuni ni za nyuzi 20 au 25. Kwenye bomba kubwa lenye msukosuko tofauti hiyo haikuumizi sana. Kwenye majaribio ya darasani na kwenye matone ya umwagiliaji inaonekana wazi, kwa hiyo pima joto la maji kabla ya kupima kitu kingine.

Tabaka la mpaka ni nini?

Maji yanayogusa ukuta hayatelezi juu yake, yamesimama kabisa. Hata mto ukiwa umefurika, utando uliogusa jiwe hautembei. Hatua chache mbali na jiwe, maji yanakimbia. Ile sehemu ambamo kasi inapanda kutoka sifuri hadi kasi kamili ndiyo tabaka la mpaka.

Kwa muda mrefu wanahisabati walipiga hesabu kana kwamba maji hayana mnato, na hesabu zao zilisema kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika majini hakipati ukinzani wowote. Kila mvuvi wa Matema anajua hilo si kweli. Agosti 1904, kwenye mkutano wa wanahisabati uliofanyika Heidelberg, Ujerumani, Ludwig Prandtl alisoma makala fupi iliyofungua fundo hilo. Alisema mbali na ukuta mnato unaweza kupuuzwa, lakini karibu na ukuta kuna tabaka jembamba ambamo hauwezi kupuuzwa hata kidogo, na ukinzani unazaliwa humo. Mwanafunzi wake Blasius alitoa hesabu yake kwa bamba tambarare mwaka 1908. Kwa hesabu hiyo, upepo mwepesi wa mita 2 kwa sekunde ukipita juu ya bati laini lenye urefu wa mita moja kwa hewa ya Mbeya, tabaka linakuwa na unene wa milimita 15 hivi mwishoni mwa bati. Hivyo tu. Lakini msuguano wote unatoka kwenye hizo milimita 15.

Shikamoo mwalimu. Mradi wetu ni wa maji ya mserereko. Tumeongeza maji kwenye chanzo lakini kitongoji cha mwisho bado hakina presha. Tatizo ni nini?

Marahaba. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Mradi wa mserereko hauna pampu. Kinachosukuma maji ni mwinuko kati ya tangi na kituo cha kuchotea. Bomba linakula sehemu ya mwinuko huo kwa msuguano, na kinachobaki ndiyo presha mnayoiona. Kama mtiririko ungekuwa tulivu, kupitisha maji mara mbili kungekula mwinuko mara mbili. Lakini kwenu kuna msukosuko, na kwenye msukosuko maji mara mbili hula mwinuko karibu mara nne. Mkiongeza maji kwenye chanzo bila kugusa bomba, watu wa juu wanachota zaidi, msuguano unapanda kwa kasi, na watu wa mwisho wanabaki na koki inayokohoa.

Dawa kubwa ni kipenyo. Kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano hupungua kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha tano. Ukitoa bomba la inchi mbili ukaweka la inchi tatu, upotevu unashuka kwa zaidi ya mara saba. Kwa hiyo fedha kidogo mlizonazo zipelekeni kwenye kipande chembamba kuliko vyote ambacho maji yote yanapita, badala ya kuzigawa kidogo kidogo njia nzima.

Kabla ya hapo, hakikisheni hakuna hewa iliyonaswa. Bomba likipanda kilima na kushuka, hewa hukusanyika kwenye kilele na kubana njia. Vali ya kutoa hewa pale juu inaweza kumaliza lawama za miezi.

Je, bomba la zamani lenye kutu linapunguza maji kweli, au ni visingizio?

Linapunguza kweli, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika somo hili.

Chukua bomba la milimita 100 lenye maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde. Ndani ya tabaka la mpaka kuna utando wa chini kabisa ambamo mnato unatawala na msukosuko unazimwa. Ukipiga hesabu, unene wa utando huo ni karibu milimita 0.1, kama karatasi moja ya daftari. Bomba jipya la plastiki lina vinundu vidogo kuliko hapo, vinafunikwa na utando, na maji hayajui kama vipo. Bomba la chuma lililoota kutu lina vinundu vya milimita nzima au zaidi. Vinatokeza nje ya utando, kila kimoja kinakata mkondo na kuacha kisulisuli nyuma yake, na kila kisulisuli kimechukua nguvu iliyokuwa isukume maji hadi kwako.

Johann Nikuradse alilipima jambo hili Göttingen kwa kugandisha mchanga uliochekechwa ndani ya mabomba, akachapisha matokeo mwaka 1933. Mwaka 1944 Lewis Moody alichora chati ambayo wahandisi wa maji wanaitumia hadi leo. Chati ni nzuri. Shida ni kwamba inakudai urefu wa vinundu vya bomba lako, na jedwali za vinundu zimetokana na mabomba ya Ulaya na Marekani yaliyobeba maji ya huko. Bomba lililofukiwa kwenye udongo mwekundu wa Njombe miaka mingi, likapitisha maji ya mto wa masika, lina ukuta wake. Nasema bila kusita: utafiti wenye faida ya haraka kuliko wowote hapa kwetu ni kwenda kupima mabomba yanayotumika. Geji mbili za presha zilizosomwa kwa wakati mmoja, tofauti ya mwinuko kati yake, urefu wa bomba, ndoo ya lita zinazojulikana na saa ya simu. Kutokana na hivyo unapata msuguano halisi, na kutoka kwenye msuguano unarudi nyuma hadi kwenye vinundu. Wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho waanzie hapo.

Kwa nini nguzo za mitambo ya upepo ni ndefu sana? Upepo si ni uleule?

Kila aliyewahi kushuka basi Makambako usiku anaujua upepo wa pale, lakini aliusikia akiwa chini kabisa ya tabaka la mpaka la anga. Tabaka hilo lina ukuta pia, nao ni ardhi. Mchana wa jua linaweza kufika unene wa kilomita moja au mbili; usiku linasinyaa hadi mita mia moja au mia mbili.

Karibu na ardhi, kasi ya upepo hupanda kwa kanuni ya logi (haraka chini, kisha taratibu kadiri unavyokwenda juu) waliyoifikia Prandtl na Theodore von Kármán karibu na mwaka 1930, ileile inayotumika ndani ya bomba. Juu ya majani mafupi, upepo wa mita 50 juu una kasi ya karibu mara 1.3 ya ule wa mita 10. Inaonekana ndogo. Lakini nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo nguvu inakuwa mara mbili. Ukihamia kwenye msitu wa misonobari kama ule wa Sao Hill, vilele vya miti ndivyo vinakuwa ukuta, na unalazimika kupanda juu zaidi kupata upepo uleule.

Kuna makato ya mwinuko wa bahari pia: hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na umeme unapungua kwa kiwango hichohicho hata kasi ikiwa sawa. Anayekuletea makadirio ya umeme wa upepo aliyotumia hewa ya usawa wa bahari, mrudishe akapige upya.

Jalidi inayounguza chai na viazi ina uhusiano gani na msukosuko?

Uhusiano mkubwa. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, huja pale msukosuko unapokufa.

Usiku wa Juni au Julai, anga likiwa wazi, ardhi inapoteza joto lake haraka. Hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inalala chini. Ili upepo uichanganye na hewa ya juu yenye joto, inabidi uinue hewa nzito, na kazi hiyo inaugharimu. Upepo ukiwa dhaifu, visulisuli vinaishiwa nguvu na kuzimika. Watafiti wana namba ya kupima ushindani huo, inayoitwa kwa jina la Lewis Fry Richardson. Ikizidi robo hivi, msukosuko unaelekea kufa. Baada ya hapo hakuna kinacholeta joto chini, na baridi inazidi hadi alfajiri.

Hewa hiyo nzito haikai ilipo. Inateremka polepole kufuata mabonde kama maji yanavyofuata mfereji, na inatuama kwenye vinyungu, mashamba ya bondeni. Ndiyo maana mkulima wa Mufindi anaona shamba la mteremkoni limepona na la bondeni limeungua, wakati umbali kati yake ni mita mia mbili. Na ndiyo maana usiku wenye upepo kidogo, hata ukiusikia mkali mwilini, mara nyingi hauleti jalidi.

La kufanya: usifunge bonde kwa ua mnene au mstari wa miti upande wa chini, maana unajenga bwawa la baridi. Acha mwanya hewa itoke. Na kabla ya kupanda zao linaloogopa baridi, funga vipimajoto viwili kwenye mti mmoja, kimoja usawa wa kifundo cha mguu na kingine juu ya kichwa, usome kabla jua halijachomoza kwa msimu mmoja. Tofauti kati yake itakueleza kama hewa ya shamba lako inachanganyika au imelala.

Kwa nini Ruaha Mkuu una maji ya udongo masika na meupe kiangazi?

Chembe ya udongo inataka kuzama. Visulisuli vinairudisha juu. Masika kasi ni kubwa, msukosuko wa sakafuni una nguvu, udongo unabaki ukielea. Mto ukiingia bwawa la Mtera kasi inaanguka, visulisuli vinazimika na mzigo unatua. Kila tani inayotua inachukua nafasi ya maji ambayo yangezungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Mabonde ya Usangu yakilimwa hadi ukingoni mwa mto, gharama inalipwa kule chini.

Bomba la mafuta la TAZAMA linapita kwetu. Msukosuko unalihusu?

Unalihusu sana. Bomba hilo lilifunguliwa mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na limepanda milima yetu likipitia Iringa na Mbeya. Kwenye bomba refu namna hiyo, sehemu kubwa ya gharama ya kusukuma inakwenda kwenye msuguano.

Mwaka 1948 mkemia aitwaye Toms alieleza jambo la kushangaza: ukitia kiasi kidogo mno cha polima yenye molekuli ndefu, msuguano wa msukosuko unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Molekuli hizo hunyooshwa karibu na ukuta na kuvizuia visulisuli visiote. Bomba kubwa la Alaska lilianza kutumia njia hiyo mwaka 1979. Kasoro yake ni kwamba pampu huzikata molekuli, kwa hiyo polima inatiwa upya baada ya kila kituo cha kusukumia.

Kwa nini mpira uliopigwa bila kuzunguka unayumba hewani?

Tabaka la mpaka hushika uso wa mpira hadi mahali fulani, kisha huachia. Likiwa tulivu huachia mapema na kuacha shimo pana la hewa iliyovurugika nyuma. Likiwa na msukosuko hushika zaidi, shimo linapungua, na ukinzani unashuka ghafla. Mishono ya mpira huamua upande upi uvurugike kwanza. Mpira usiozunguka unabadilisha upande huo njiani, na kipa anaona unakwenda kushoto halafu kulia. Mpira wa mita 20 kwa sekunde kwenye uwanja wa Sokoine uko kwenye namba ya Reynolds ya karibu 240,000, eneo lenyewe la mabadiliko hayo. Na kwa kuwa hewa ya Mbeya ni nyepesi, unapungua kasi kidogo kuliko ungepungua Dar es Salaam.

Fumbo la msukosuko limekwisha kutatuliwa?

Halijatatuliwa. Milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, ipo tangu karne ya 19 na hakuna anayeitilia shaka kwa maji na hewa ya kawaida. Ila ukitafuta wastani wake ili upate jibu la kutumia, kama Reynolds alivyofanya mwaka 1895, kinazaliwa kisichojulikana kipya. Ukiandika mlinganyo wa hicho kipya, kinazaliwa kingine. Mnyororo haufungiki, kwa hiyo wahandisi hutumia makadirio. Mwaka 2000 taasisi ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama majibu ya milinganyo hiyo hubaki laini siku zote. Zawadi bado ipo.

Kompyuta haiwezi kupiga hesabu yote moja kwa moja?

Inaweza, kwa mtiririko mdogo. Mwaka 1987 Kim, Moin na Moser walipiga hesabu ya mtiririko kati ya kuta mbili kwa nukta karibu milioni 4, bila makadirio yoyote ya msukosuko, na kazi yao ilibadilisha taaluma nzima. Lakini gharama hukua kwa kipeo cha tatu cha namba ya Reynolds: namba ikiwa mara kumi, kazi ni mara elfu. Kwenye mto wa kina cha mita moja, visulisuli vidogo kabisa ni sehemu ndogo ya milimita. Jaza mto mzima kwa nukta za ukubwa huo uone.

Kwa makadirio, programu huria ya OpenFOAM inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Ushauri wangu kwa wanaoanza: usiiguse kabla hujapima bomba moja kwa mikono yako. Programu itakupa picha nzuri hata ukiwa umekosea.

Sina maabara. Naweza kurudia jaribio la Reynolds darasani?

Unaweza. Tafuta mpira mwangavu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, urefu wa mita mbili. Uunganishe na ndoo iliyowekwa juu ya meza, maji yaachwe yatulie walau nusu saa. Ingiza rangi ya chakula kwa sindano kwenye mlango wa mpira, katikati. Dhibiti mtiririko kwa kibano mwishoni, usiweke kibano mwanzoni kwa sababu kitavuruga maji kabla hayajaingia.

Pima kwa chupa ya nusu lita. Kwa maji ya nyuzi 15, chupa ikijaa kwa dakika nzima, namba ya Reynolds ni karibu 930 na rangi itanyooka. Ikijaa kwa sekunde 28, uko 2,000. Ikijaa kwa sekunde 15, uko 3,700, na rangi itasambaa. Karibu na katikati shika simu, rekodi kwa mwendo wa polepole. Mabonge yatapita mbele ya kamera yako.

Nisome nini ili niingie kwenye utafiti huu?

Kidato cha tano na sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Chuoni, uhandisi wa mitambo au wa ujenzi, kama vinavyofundishwa pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, au fizikia na hisabati. Shika vizuri kalkulasi na takwimu, jifunze Python. Jifunze pia kuandika daftari la vipimo ambalo mwenzako anaweza kulisoma.

Nawezaje kupima kasi ya mto bila kifaa?

Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 20, upana wake usibadilike sana. Tupa ganda la chungwa juu ya mstari wa kuanzia. Linaelea likiwa limezama nusu, upepo hauliburuzi kirahisi. Rudia mara kumi ukibadilisha mahali pa kutupia, karibu na ukingo na katikati. Pata wastani, kisha zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu yana kasi kuliko wastani wa kina chote. Sakafu inayashika ya chini. Zidisha na eneo la mkato wa mto ulilolipima kwa kamba na fito, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Andika tarehe, saa, joto la maji, na kina kwenye alama moja isiyohama, jiwe au nguzo ya daraja, ili atakayekuja mwakani apime mahali palepale.